Uganda: Sheria dhidi ya ushoga imewagusaje vijana?

Tarehe 26 Mei 2023 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alitia saini Sheria ya Kupinga Ushoga, na siku tatu baadaye Bunge likautangazia umma. Katika vyombo vya habari vya nje habari iliyovuma zaidi ilikuwa adhabu ya kifo iliyomo ndani ya sheria hiyo. Ndani ya Uganda kwenyewe, hoja iliyoipa sheria nguvu ilikuwa nyingine. Wabunge, viongozi wa dini na wazazi waliojitokeza kuiunga mkono walizungumzia watoto wa shule, mabweni, vitabu na walimu. Walisema kizazi kipya kinashawishiwa kuingia katika mapenzi ya jinsia moja, na kwamba dola lina wajibu wa kukikinga.

Makala hii inaeleza jinsi suala la vijana lilivyokuwa kiini cha mjadala huo, sheria inasema nini hasa juu yao, mahakama zimeamua nini, na hali ilivyo katika nchi nyingine za ukanda huo.

Sheria ilikuwapo tangu ukoloni

Mapenzi ya jinsia moja hayakuwa halali nchini Uganda kabla ya mwaka 2023. Kanuni ya Adhabu iliyoachwa na utawala wa Kiingereza mwaka 1950 ilikuwa na kifungu cha 145, kinachoadhibu kile ilichokiita kujamiiana kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Vifungu vya namna hiyo viliingizwa na Waingereza katika makoloni yao mengi, vikifuata mfano wa Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Ndiyo sababu maneno yanayofanana yanapatikana katika sheria za Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia.

Mwaka 2005 Uganda iliongeza katika Katiba yake kipengele kinachokataza ndoa ya watu wa jinsia moja. Miaka miwili baadaye, mwaka 2007, Bunge lilifanya marekebisho mengine ambayo hayakuzungumzwa sana, nayo yana uzito mkubwa katika mjadala wa leo. Kosa la kumnajisi mtoto, ambalo awali liliwahusu watoto wa kike peke yao, lilipanuliwa ili limlinde mtoto yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18, awe wa kike au wa kiume, na bila kujali jinsia ya aliyemtenda. Adhabu ya kosa hilo inaweza kufikia kifungo cha maisha. Ikiwa mtoto ana umri wa chini ya miaka 14, au mtendaji ni mzazi au mlezi wake, au ana virusi vya UKIMWI, adhabu inaweza kuwa kifo.

Kwa maneno mengine, mtu mzima aliyemwingilia mtoto wa shule, wa jinsia yake au asiye wa jinsia yake, alikuwa tayari anakabiliwa na mojawapo ya adhabu kali kabisa za nchi hiyo.

Hofu juu ya watoto ilivyoanza

Madai kwamba kuna mpango wa kuwaandikisha watoto katika ushoga yalienea hasa kuanzia mwaka 2009. Mwezi Machi mwaka huo wahubiri wa kiinjili kutoka Marekani, akiwemo Scott Lively, walishiriki semina jijini Kampala ambako walieleza ushoga kuwa hatari inayoilenga familia na watoto. Mwezi Oktoba mbunge David Bahati aliwasilisha mswada wa kwanza wa kupinga ushoga, ambao katika sura yake ya awali ulikuwa na adhabu ya kifo.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2010, gazeti moja dogo la Kampala lilichapisha majina na picha za watu lililowataja kuwa mashoga, likitaka wanyongwe na kudai kuwa walikuwa na lengo la kuwaingiza watoto katika kundi lao. Mahakama Kuu iliamua kwamba gazeti hilo lilikuwa limekiuka haki za walalamikaji. Mmoja wa walalamikaji, mwanaharakati David Kato, aliyepata pia kuwa mwalimu, aliuawa nyumbani kwake tarehe 26 Januari 2011. Polisi walikanusha kwamba mauaji hayo yalihusiana na harakati zake, na mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30.

Mswada wa Bahati ulipitishwa na Bunge tarehe 20 Desemba 2013, adhabu ya kifo ikiwa imebadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Rais Museveni aliutia saini tarehe 24 Februari 2014. Sheria hiyo haikudumu: tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama ya Katiba iliibatilisha kwa sababu Bunge lilipiga kura bila akidi kutimia. Majaji hawakuamua iwapo yaliyomo ndani yake yanakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mlango wa kuirudisha ulibaki wazi.

Mjadala huo hugusa pia kumbukumbu ya zamani zaidi. Kila tarehe 3 Juni mahujaji kutoka Uganda na nchi jirani hukusanyika Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga wa Buganda kati ya mwaka 1885 na 1887. Wengi wao walikuwa vijana waliotumikia katika kasri. Mapokeo ya Kanisa yanasema kuwa miongoni mwa mambo yaliyomghadhibisha Kabaka ni vijana hao kukataa matakwa yake ya kimwili. Wanaounga mkono sheria huwataja mashahidi hao kama mfano wa vijana waliokataa kushawishiwa. Wanaoipinga hulitaja kasri hilohilo kama ushahidi kwamba mapenzi ya jinsia moja hayakuletwa na Wazungu.

Shule zaingizwa katika mjadala

Serikali ya Uganda imekuwa na tahadhari ya muda mrefu kuhusu kile ambacho wanafunzi wanaelezwa juu ya mambo ya kujamiiana. Mwaka 2016 ilipiga marufuku mafunzo ya kina ya elimu ya jinsia shuleni, baada ya malalamiko kwamba baadhi ya vitabu vilikuwa na mafundisho yasiyolingana na maadili ya nchi. Mwaka 2018 Wizara ya Elimu, chini ya waziri Janet Museveni ambaye pia ni mke wa Rais, ilizindua mwongozo wake wenyewe wa elimu hiyo. Hata mwongozo huo ulipingwa na baadhi ya viongozi wa dini. Mwaka 2021 Mahakama Kuu iliiamuru serikali itunge sera ya elimu ya jinsia, kwa hoja kwamba kuwaacha wanafunzi bila maarifa hayo ni kukiuka haki zao.

Mwezi Agosti 2022 ofisi inayosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ililisimamisha shirika la Sexual Minorities Uganda, lililokuwa likitetea haki za wapenzi wa jinsia moja, kwa sababu halikuwa limesajiliwa. Shirika hilo lilisema lilikuwa limewahi kuomba usajili likanyimwa kwa sababu ya jina lake.

Mapema mwaka 2023 mjadala ulihamia shuleni moja kwa moja. Naibu Spika Thomas Tayebwa aliitaka kamati ya elimu ya Bunge ichunguze madai kwamba ushoga unahamasishwa katika shule. Wazazi waliandamana katika mji wa Jinja baada ya madai dhidi ya mwalimu wa shule moja ya sekondari ya wasichana. Katika mwezi huohuo wa Februari, Kanisa la Uingereza liliruhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Stephen Kaziimba, alilipinga vikali jambo hilo, na mimbari za makanisa na misikiti zikalizungumzia wiki baada ya wiki.

Ni katika hali hiyo ambapo Asuman Basalirwa, mbunge wa upinzani kutoka Bugiri, aliwasilisha mswada mpya tarehe 9 Machi 2023. Bunge likiongozwa na Spika Anita Among liliupitisha tarehe 21 Machi, muda wa siku 12 tu baadaye, huku wabunge wawili wakiupinga. Rais aliurudisha ukafanyiwe marekebisho, akitaka ieleweke kwamba kinachoadhibiwa ni tendo, si mtu kuwa na mwelekeo fulani. Bunge liliupitisha tena tarehe 2 Mei, na safari hii aliyepiga kura ya kuupinga alikuwa mmoja tu, Fox Odoi-Oywelowo, mbunge wa chama tawala.

Katika hoja zake, Odoi alikumbusha kwamba makosa dhidi ya watoto yalikuwa tayari yamewekewa adhabu katika sheria zilizopo. Basalirwa na wenzake walisema sheria hizo hazikutosha, kwa kuwa hazikumgusa anayehamasisha, anayefadhili au anayefungua milango ya nyumba yake.

Sheria inasema nini

Sheria ya mwaka 2023 inatoa adhabu ya kifungo cha maisha kwa mtu anayepatikana na hatia ya ushoga, na kifungo cha hadi miaka 10 kwa aliyejaribu. Kuna pia kosa linaloitwa ushoga uliokithiri, ambalo adhabu yake ni kifo. Kosa hilo hutokea, pamoja na hali nyingine, pale anayetendewa ana umri wa chini ya miaka 18 au zaidi ya miaka 75, ana ulemavu, au mtendaji ni mzazi, mlezi au mtu mwenye mamlaka juu yake. Mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa hilohilo anaweza pia kuhesabiwa kuwa amefanya ushoga uliokithiri. Ridhaa ya mtendewa si utetezi.

Kuhamasisha ushoga kunaweza kumfikisha mtu katika kifungo cha hadi miaka 20. Shirika linalopatikana na hatia hiyo linaweza kutozwa faini ya hadi shilingi bilioni moja za Uganda, kusimamishwa kwa miaka 10 au kufutiwa leseni. Kuhamasisha kunajumuisha kuchapisha au kusambaza maandishi, kutoa fedha na kutoa nyumba kwa ajili ya shughuli hizo. Mtu aliyetiwa hatiani hawezi kuajiriwa mahali panapolelewa watoto, na mahakama inaweza kuagiza apatiwe huduma za kumrekebisha.

Jambo ambalo halikuzungumzwa sana hadharani ni kwamba sheria hiyo ina adhabu pia kwa mtoto mwenyewe. Mtoto anayepatikana na hatia ya ushoga anaweza kufungwa hadi miaka mitatu. Kwa sheria za Uganda, mtoto huanza kubeba lawama ya jinai akiwa na umri wa miaka 12. Ili kupima uzito wa kifungo hicho, inafaa kuangalia Sheria ya Watoto ya nchi hiyo. Kwa makosa ya kawaida, sheria hiyo inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 16 azuiliwe kwa muda usiozidi miezi mitatu, na aliyevuka umri huo kwa muda usiozidi miezi 12. Miaka mitatu iliwekwa kuwa kikomo kwa makosa ambayo, yakitendwa na mtu mzima, hukumu yake inaweza kuwa kifo.

Hapo ndipo hoja mbili zinapogongana. Wanaoitetea sheria wanaona kwamba kijana akijua adhabu ipo hataingia katika jambo hilo, na kwamba jamii yenye watoto wengi kama Uganda haiwezi kungoja madhara yatokee. Wanaoipinga wanasema kwamba mtoto aliyedhulumiwa anaweza kuogopa kusema, kwa kuwa maelezo yake yanaweza kumgeuza kutoka mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Wanasema pia kwamba wanafunzi wawili wa rika moja wanaokutwa bwenini sasa wanakabiliwa na mkondo wa jinai, ilhali zamani jambo lao lingeishia kwa mwalimu na wazazi.

Kijana amwendee nani?

Swali gumu zaidi kwa familia nyingi ni la nyumbani. Sheria ilipoanza kutumika, kifungu chake cha 14 kilimlazimu kila mtu anayejua au kushuku kwamba kosa la ushoga limetendwa dhidi ya mtoto au mtu mwingine anayehitaji ulinzi atoe taarifa polisi. Asiyefanya hivyo angeweza kufungwa hadi miaka mitano. Wajibu huo uliwabana walimu, wauguzi, washauri nasaha na viongozi wa dini, ambao kwa kawaida ndio watu wa kwanza kusikia siri za vijana. Sheria iliondoa kinga ya usiri wa kitaaluma, isipokuwa kwa mawakili na wateja wao.

Vijana wanaofukuzwa nyumbani kwa sababu ya mwelekeo wao wamekuwa na mahali pachache pa kwenda hata kabla ya sheria hii. Tarehe 29 Machi 2020 polisi na viongozi wa eneo la Kyengera, nje kidogo ya Kampala, walivamia nyumba iliyohifadhi vijana wasio na makazi. Karibu vijana 20 walishtakiwa kwa kosa la kutenda jambo linaloweza kueneza maradhi, kwa madai kwamba walikusanyika kinyume cha kanuni za kudhibiti korona. Walikaa rumande takriban siku 50, wakinyimwa nafasi ya kuonana na mawakili wao, hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa mashtaka. Baadaye Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa na ikaagiza walipwe fidia.

Baada ya Mei 2023, mwenye nyumba aliyempangisha kijana wa namna hiyo alikuwa na sababu mpya ya kuogopa, kwa kuwa sheria ilimtishia kifungo ikiwa nyumba yake itatumika kwa matendo yaliyokatazwa. Mashirika yanayotoa msaada wa kisheria yaliripoti watu kufukuzwa katika nyumba za kupanga.

Sekta ya afya nayo iliguswa. Siku sheria ilipotangazwa, Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI na mpango wa Marekani wa kupambana na ugonjwa huo walitoa tamko la pamoja wakionya kwamba mafanikio ya Uganda dhidi ya virusi hivyo yako hatarini, kwa kuwa watu wataogopa kwenda kupimwa na kuchukua dawa. Mwezi Agosti 2023 Wizara ya Afya ilitoa waraka ikiwakumbusha wahudumu wasimbague wala kumnyima mtu yeyote huduma. Mwezi huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka, Jane Frances Abodo, aliwaagiza waendesha mashtaka wasifungue kesi yoyote chini ya sheria hiyo kabla ya jalada kupitiwa na ofisi yake.

Agizo hilo lilikuja wakati mashtaka ya kwanza ya ushoga uliokithiri yalikuwa yameshafunguliwa. Aliyeshtakiwa, katika mji wa Soroti mashariki mwa nchi, alikuwa kijana wa miaka 20.

Uamuzi wa Mahakama ya Katiba

Wanasheria, wasomi, waandishi wa habari, wanaharakati na mbunge Odoi walifungua kesi kupinga sheria hiyo. Tarehe 3 Aprili 2024 jopo la majaji watano wa Mahakama ya Katiba, likiongozwa na Naibu Jaji Mkuu Richard Buteera, lilikataa kuibatilisha kwa ujumla wake. Majaji walisema ni lazima mahakama izingatie utamaduni na matakwa ya jamii ya Uganda, kama yalivyoonyeshwa na wawakilishi wake bungeni.

Hata hivyo, walifuta sehemu nne walizoona zinavunja haki ya afya, faragha na uhuru wa dini. Kifungu cha 14 kuhusu wajibu wa kutoa taarifa kiliondolewa. Viliondolewa pia vifungu vilivyowaadhibu wenye nyumba, pamoja na kile kilichohesabu kumwambukiza mtu ugonjwa usiopona kuwa ushoga uliokithiri.

Kwa vijana, matokeo ya hukumu hiyo yana pande mbili. Mwalimu, muuguzi au padri anayesikia siri ya mwanafunzi halazimiki tena na sheria hii kukimbilia polisi, na mwenye nyumba hakabiliwi na kosa lile. Adhabu kwa kuhamasisha haikuguswa, na mipaka yake inabaki kuwa suala la tafsiri: mtu anayempa kijana ushauri, kitabu au pa kulala hajui kwa hakika wapi msaada unaishia na uhamasishaji unaanzia. Kifungo cha hadi miaka mitatu kwa mtoto nacho kimebaki. Waliofungua kesi waliamua kukata rufaa katika Mahakama ya Juu.

Gharama za nje

Hatua za mataifa ya nje zilifuata. Tarehe 8 Agosti 2023 Benki ya Dunia ilisitisha mikopo mipya kwa Uganda, ikisema sheria hiyo inakwenda kinyume na misingi yake. Marekani iliiondoa Uganda katika mpango wake wa kuziuzia bidhaa nchi za Afrika bila ushuru katika soko lake, kuanzia tarehe 1 Januari 2024, na ikawawekea baadhi ya maofisa vikwazo vya kusafiri. Rais Museveni alijibu kwamba Uganda haitauza imani na utamaduni wake kwa ajili ya fedha. Mwaka 2025 Benki ya Dunia ilitangaza kwamba itaanza tena kutoa fedha, ikieleza kuwa imeweka utaratibu wa kuzuia ubaguzi katika miradi yake.

Wapo Waganda wanaopinga sheria hiyo ambao pia waliona vikwazo kuwa na madhara yake. Shinikizo la nje liliwapa watetezi wa sheria hoja rahisi kwamba ushoga ni ajenda ya kigeni. Kwa upande wa pili, wakosoaji walikumbusha kuwa wahubiri wa mwaka 2009 na kifungu cha mwaka 1950 navyo vilitoka nje.

Nchi nyingine za ukanda

Uganda haiko peke yake katika kuyatazama mashule kama uwanja wa vita hivi. Mwezi Februari 2023, kabla mswada wa Basalirwa haujafika bungeni, waziri wa elimu wa Tanzania, Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 vya watoto shuleni kwa kusema vinakwenda kinyume cha maadili. Sheria ya Tanzania Bara inatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha. Mwaka 2018 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga, na serikali kuu ikasema huo haukuwa msimamo wake.

Nchini Kenya, ambako sheria inaweka kifungo cha hadi miaka 14, aliyekuwa waziri wa elimu Ezekiel Machogu alitangaza mapema mwaka 2023 kamati ya viongozi wa dini kushughulikia suala hilo katika shule. Tarehe 24 Februari mwaka huo Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba serikali haikuwa na haki ya kulinyima usajili shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja. Mbunge Peter Kaluma alijibu kwa kuandaa mswada wa kulinda familia wenye adhabu kali zaidi.

Burundi iliingiza kosa hilo katika sheria yake mwezi Aprili 2009, baada ya Baraza la Seneti kulikataa na Bunge kulirudisha. Adhabu ni kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili. Mwaka 2011 agizo la wizara ya elimu liliruhusu mwanafunzi afukuzwe shule kwa sababu ya ushoga, hatua inayofanana zaidi na mjadala wa Uganda kwa kuwa ilimlenga mwanafunzi moja kwa moja. Rwanda haina kifungu cha jinai kinachokataza mapenzi ya jinsia moja kati ya watu wazima, wala Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haina kifungu kinachoyataja waziwazi, ingawa katika nchi zote mbili jamii kwa sehemu kubwa haiyakubali.

Tofauti hizo za sheria zina maana kwa wanaovuka mipaka. Tangu mwaka 2014 baadhi ya Waganda, wengi wao vijana, wamekimbilia Kenya kuomba hifadhi, na baadhi yao wakapelekwa katika kambi ya Kakuma, kaunti ya Turkana. Huko nako wameripoti kushambuliwa na wakimbizi wenzao. Kwa kijana aliyefukuzwa na wazazi wake mjini Masaka au Mbale, mpaka wa Busia au Malaba si mwisho wa tatizo, kwa kuwa anaingia katika nchi ambayo nayo ina kifungu kilekile cha enzi za Waingereza.

Kinachosubiriwa

Rufaa iliyopelekwa katika Mahakama ya Juu ya Uganda inahusu sheria nzima. Uamuzi wake utaonyesha iwapo adhabu ya kifo, adhabu ya kuhamasisha na kifungo cha mtoto vinaafikiana na Katiba ya mwaka 1995. Wakati huohuo, sheria ya mwaka 2007 inayomlinda kila mtoto dhidi ya kunajisiwa inaendelea kutumika kama ilivyokuwa, na haitegemei matokeo ya kesi hiyo. Mzazi ambaye mtoto wake amedhulumiwa, na mtu yeyote wa jinsia yoyote, bado ana njia ya kwenda polisi na mahakamani chini ya sheria hiyo.